Si Kweli kwamba Muundo Hautanguki

Miongoni mwa kauli ambazo wanafunzi wa hifadhidata hupewa katika siku za mwanzo za masomo yao, wakaziandika madaftarini na kuzihifadhi kama mtoto wa chuoni ahifadhivyo sura fupi, ipo moja isemayo kwamba mabadiliko ya data yana data za kutangua ilhali mabadiliko ya muundo hayana, na kwa hiyo mtu aliyeongeza, aliyefuta au aliyesahihisha mistari ya jedwali aweza kurudi alikotoka, bali yule aliyeunda jedwali, aliyelivunja au aliyeligeuza umbo hana njia ya kurudi, kwa kuwa nyuma yake hapakuachwa alama yoyote. Kauli hiyo huulizwa katika mitihani, huulizwa katika usaili wa kazi, na anayeijibu kinyume hukosa alama au hukosa kazi. Mimi mwenyewe nimeifundisha kwa miaka kadhaa, kwa sauti ya mtu asiye na shaka, na leo nimekaa kuitangua.

Neno kutangua nimelichagua kwa makusudi, kwa kuwa watu wa pwani hulitumia kwa udhu, kwa nikaha na kwa ahadi, yaani kwa jambo lililokwisha kuwa na hukumu yake kisha hukumu hiyo ikaondoka, na sioni neno lililo karibu zaidi na kile ambacho mafundi wetu, wakizungumza baina yao, hukiita undo. Data za kutangua ni kumbukumbu ya hali iliyokuwapo kabla ya badiliko. Mshahara ulikuwa shilingi laki nne, ikaja amri ya kuufanya laki tano, na kabla laki tano haijaandikwa ile laki nne ikawekwa amana mahali, ili mwenye amri akijuta, au umeme ukikatika kabla hajathibitisha, au msomaji mwingine akitaka kuiona hesabu kama ilivyokuwa alipoanza kuisoma, ipatikane. Mahali pa amana hutofautiana. Oracle huziweka katika eneo lililotengwa mahususi kwa kazi hiyo. InnoDB, ambayo ndiyo injini ya kawaida ya MySQL, ina madaftari yake ya namna hiyo. SQL Server hutegemea daftari la miamala. PostgreSQL haina ghala la pembeni kabisa, bali huuacha mstari wa zamani ukae ndani ya jedwali lile lile pamoja na mstari mpya, kila mmoja na nambari ya muamala uliouleta, ada iliyorithiwa kutoka katika kazi ya Michael Stonebraker na wenzake huko Berkeley katika miaka ya 1980. Nayo SQLite huunakili ukurasa mzima wa faili kabla ya kuugusa. Njia ni tano, na amana ni ile ile moja.

Wenye kauli ninayoipinga hudhani, pasipo kusema, kwamba muundo ni kitu cha jinsi nyingine: kwamba data ni maji na muundo ni mtungi, maji yakimwagwa huweza kutekwa tena, bali mtungi ukivunjika umevunjika. Mfano huu unapendeza masikioni, lakini haulingani na kitu kilichomo ndani ya mashine. Edgar Codd, ambaye makala yake ya mwaka 1970, aliyoiandika akiwa katika maabara ya IBM huko San Jose, ndiyo iliyoweka msingi wa hifadhidata za majedwali, alichoka katika mwaka 1985 kuwasikia wafanyabiashara wakilibandika jina la uvumbuzi wake juu ya kila bidhaa, akatoa kanuni ziitwazo 12, ingawa ukizihesabu kuanzia ile ya sifuri utapata 13. Na kanuni ya 4 yasema kwamba maelezo ya hifadhidata yenyewe, yaani orodha ya majedwali yake na safu zake, sharti yawekwe kwa namna ile ile ziwekwavyo data za kawaida, ili wenye ruhusa wayaulize kwa lugha ile ile. Hakusema hivi kwa urembo. Alikuwa akikataa kuwako kwa mtungi.

Na hifadhidata kubwa zote za leo zimemtii. Katika Oracle, mtu anapotoa amri ya kuunda jedwali lenye safu kumi, mashine yenyewe, kwa niaba yake na bila ya kumwambia, hutoa amri nyingine za ndani: huingiza mstari katika jedwali liitwalo OBJ$ kutaja kwamba kitu kipya kimezaliwa, mstari katika TAB$ kueleza kwamba kitu hicho ni jedwali, na mistari kumi katika COL$, mmoja kwa kila safu. Asiyeamini na awashe ufuatiliaji wa kikao chake, kisha asome faili itakayoandikwa, ataziona amri hizo moja baada ya moja. Katika PostgreSQL majina ni mengine, pg_class na pg_attribute, lakini kazi ni ile ile. Basi kuunda jedwali ni kuingiza mistari. Kulivunja ni kuifuta. Kuliongezea safu ni kuingiza mstari mmoja na kusahihisha mwingine. Na mistari hiyo, kwa kuwa ni mistari, huwekewa amana yake kama mistari ya mishahara na ya wateja iwekewavyo. Badiliko la muundo lina data za kutangua kwa sababu badiliko la muundo ni badiliko la data, lililofanyika katika majedwali ambayo mtumiaji hakuzoea kuyatazama.

Burhani ya jambo hili haihitaji darubini. Tuseme amri ya kuunda jedwali kwa kunakili jingine imeanza, mistari ya kamusi ya mashine, yaani ya majedwali yale ya ndani, imekwisha kuandikwa, nakala imefika nusu, na diski ikajaa. Oracle itatoa kosa, na ukiangalia hutaliona jedwali hilo nusu wala robo. Nani aliyeifuta mistari iliyokwisha kuandikwa katika OBJ$ na COL$? Lau kauli ile ingalikuwa kweli, kila amri ya muundo iliyokatika njiani ingaliacha kiwiliwili bila kichwa au kichwa bila kiwiliwili, na hifadhidata iliyotumika miaka kumi ingalikuwa makaburi ya majedwali yasiyokwisha kuzaliwa. Hilo halitokei kwa kuwa amana ipo, na mashine huitumia yenyewe kila inapohitaji.

Hapo mpinzani wangu hucheka na kuniambia: ikiwa amana ipo, basi toa amri ya kuvunja jedwali katika Oracle, kisha toa amri ya kutangua, tuone kama litarudi. Najua kwamba halitarudi. Lakini anachokitazama hapo ni uthibitisho wa kimyakimya, naye amekichukua kuwa ni upungufu wa amana, na haya ni mambo mawili mbalimbali kama ilivyo mbali mlango uliofungwa na mlango usiokuwapo. Oracle imeamua kwamba kabla ya kila amri ya muundo muamala uliokuwa ukiendelea uthibitishwe, na baada ya amri hiyo kufaulu uthibitishwe tena. Ni mfano wa karani ambaye, kila akiandika waraka wa aina fulani, huupiga muhuri kabla hujafumbua kinywa kumwambia angoje. Karatasi ya waraka huo haikuwa na upungufu wowote, wala wino wake si wa jinsi nyingine, ila mkono wa karani ni mwepesi kwa amri ya tajiri wake. Na jambo ambalo wanafunzi hawaambiwi kwa mkazo unaostahili ni kwamba karani huyu hupiga muhuri nyaraka zote zilizokuwa mezani, hata zile zisizohusiana na ile ya mwisho, na kwamba muhuri wa kwanza hupigwa hata kama amri ya muundo, iliyo sahihi kwa sarufi, itashindwa baadaye katika kutekelezwa.

Nilipata kuona matokeo ya ujinga huo. Kijana mmoja, msimamizi mpya wa hifadhidata katika ofisi ambayo sina haja ya kuitaja, alitoa amri ya kusahihisha daraja la mfanyakazi mmoja akasahau kuandika sharti, na kwa pigo moja wafanyakazi wote, tangu mkurugenzi hadi mlinzi wa langoni, wakawa na daraja moja. Hakubabaika, kwa kuwa hakuwa amethibitisha. Akajisemea, na mawazo yake yalikuwa ya mtu makini, kwamba kabla ya kutangua kosa lake afadhali aweke nakala yake kando, ili awaonyeshe wakubwa kilichotokea. Akaunda jedwali jipya kwa kunakili lile lililoharibika, kisha akatoa amri ya kutangua, na mashine ikamjibu kwa adabu kwamba kutangua kumekamilika. Kulikamilika kweli, ila hapakuwa na kitu cha kutangua, maana amri ile ya kuunda nakala ilikuwa imekwisha kulithibitisha kosa. Nilipomuuliza kwa nini alifanya vile, alinijibu jawabu ambalo sikulisahau: “Mwalimu, si nilifundishwa kwamba mambo ya muundo hayana undo? Nikaona basi hayahusiani na muamala wangu hata kidogo.” Hakuwa mjinga. Alikuwa amejenga nyumba iliyonyooka juu ya msingi tuliompa sisi.

Kilichomwokoa ni data zile zile za kutangua. Oracle, tangu toleo la 9i, humruhusu mtu kuliuliza jedwali kama lilivyokuwa dakika kadhaa zilizopita, na jawabu hutolewa kutoka katika amana ambayo haijafutwa. Muda wa kuitunza, ikiwa msimamizi hakuubadili, ni sekunde 900, yaani robo saa, nao si ahadi ila ni nia, kwa kuwa nafasi ikiwa finyu amana ya zamani hufunikwa na mpya. Tuliwahi. Lau angalikwenda kwanza kunywa chai, hadithi hii ingalikuwa ndefu zaidi.

Kwamba muhuri wa karani ni uamuzi wa wenye kutengeneza, wala si sheria ya maumbile, hudhihirika kwa kuwatazama majirani. PostgreSQL humwacha mtu aanzishe muamala, aunde majedwali matatu, avunje la nne, aongeze safu katika la tano, aingize mistari elfu, kisha atangue vyote kwa neno moja, na majedwali matatu yatatoweka, la nne litarudi na mistari yake, na safu ya la tano itakuwa haijapata kuwako. SQL Server hufanya hivyo, na DB2 ya IBM hali kadhalika. Lakini shahidi nimpendaye zaidi ni SQLite, ile hifadhidata ndogo ya D. Richard Hipp iliyotoka mwaka 2000, ambayo imo ndani ya kila simu ya Android na ya iPhone, kwa hiyo yumkini iko mfukoni mwako, msomaji, wakati huu. Katika utaratibu wake wa asili, SQLite haijui kabisa tofauti baina ya muundo na data inapoweka amana: hifadhidata yote ni faili moja iliyogawanywa kurasa, na kabla ya kuubadilisha ukurasa wowote huunakili kama ulivyo katika faili ya pembeni, ukurasa ukiwa na orodha ya majedwali hunakiliwa, ukiwa na namba za simu za jamaa zako hunakiliwa, kutangua ni kuzirudisha kurasa mahali pake, na kuthibitisha ni kuifuta ile faili ya pembeni. Mwenye kusema kwamba muundo kwa asili yake hauna data za kutangua na amwonyeshe Bwana Hipp ni ukurasa upi usionakilika.

MySQL nayo ina kisa chake, na nitakaa nacho kidogo kwa sababu kinavunja dai la maumbile kwa namna ambayo hata mimi sikuitazamia. Kwa miaka mingi MySQL iliweka maelezo ya kila jedwali katika faili yake yenyewe, yenye tamati ya .frm, nje ya injini ya InnoDB, wakati data zilikuwa ndani ya injini. Hapa mtungi ulikuwapo kweli! Mashine ikizimika baina ya kuandikwa kwa faili ile na kuandikwa kwa mambo ya ndani ya injini, moja huwa limetendeka na jingine halijatendeka, na msimamizi huamka asubuhi akakuta jedwali ambalo jina lake lipo na mwili wake haupo, au kinyume chake. Ukitoa amri moja ya kuvunja majedwali mawili, na la pili likawa halipo, la kwanza huvunjwa kisha ukapewa kosa, yaani amri imeshindwa na nusu yake imefaulu. Wasemao kwamba muundo hautanguki walikuwa na haki ya kuitazama hali hiyo na kuona kwamba dhana yao ina mashiko. Kisha likaja toleo la 8.0, mwezi wa Aprili mwaka 2018, na watengenezaji wakaziondoa faili zile, wakaihamishia kamusi yote ndani ya majedwali ya InnoDB, wakaweka na daftari dogo la kuandikia faili zipi ziumbwe na zipi zifutwe. Na tangu hapo amri ile ile ya kuvunja majedwali mawili, la pili likiwa halipo, hushindwa yote, na la kwanza hubaki salama. Maumbile ya muundo hayakubadilika baina ya toleo la 5.7 na la 8.0. Kilichobadilika ni mahali ulipoandikwa. Walakini MySQL bado hupiga muhuri wa kimyakimya, na mtumiaji bado hawezi kutangua amri ya muundo iliyokwisha kufaulu. Hilo lazidi kuonyesha kwamba amana inaweza kuwapo, ikafanya kazi yake barabara, na mlango ukawa umefungwa vile vile.

Hoja yao ya pili ni TRUNCATE, amri ya kulimwaga jedwali zima kwa mara moja, na huileta kwa furaha ya mtu aliyeficha karata. Amri hii, wanasema, haiweki amana ya mstari hata mmoja, ndiyo sababu ni ya haraka, na ndiyo sababu haitanguki. Nusu ya kwanza ni kweli. Ni kweli kwamba mistari milioni ikimwagwa kwa TRUNCATE haiwekewi amana milioni, kwa kuwa haiguswi mmoja mmoja: katika Oracle jedwali hupewa nambari mpya ya mahali pake na nafasi ya zamani hurudishwa katika akiba, na hayo mabadiliko machache ya kamusi na ya kichwa cha jedwali ndiyo yaliyowekewa amana. Bali nusu ya pili haifuati kutoka katika ya kwanza, na hapo ndipo kosa lote lilipojificha. SQL Server nayo huimwaga mistari kwa kuziachia kurasa zake tu, na maandishi yake katika daftari ni machache, lakini ukiimwaga ndani ya muamala kisha ukatangua, mistari yote hurudi, kwa sababu kurasa zilizoachiwa zilifungwa zisikabidhiwe kwa mwingine mpaka muamala umalizike. PostgreSQL hulipa jedwali faili mpya tupu na kuishika ile ya zamani mkononi hadi uthibitisho. Wingi wa data za kutangua na uwezekano wa kutangua ni vitu viwili. Mwenye nyumba aliyehama kwa kubadili anwani barazani, vyombo vyake vikabaki chumbani bila kuguswa, aweza kurudi kwa kuifuta anwani ile tu, wala hatuhitaji orodha ya vijiko vyake.

Na ukitaka kuona jinsi mpaka waliouchora ulivyo batili, utazame upande wa data wenyewe. Oracle ina namna ya kuingiza mistari kwa wingi kwa kuiandika moja kwa moja juu ya alama ya mwisho wa jedwali, na njia hiyo, ukiziacha faharasa, karibu haitoi data za kutangua hata kidogo. Hata hivyo hutanguka kwa kufumba na kufumbua, kwa kuwa alama ile haikusogezwa, na mistari iliyo juu yake ni kama haikuandikwa. Hilo ni badiliko la data lisilo na amana nalo latanguka. Kisha zitazame nambari za mfululizo, zile zinazotolewa moja baada ya moja kwa stakabadhi na ankara: muamala ukichukua nambari 5081 kisha ukatanguka, nambari ile hairudi, si katika Oracle, si katika PostgreSQL, wala si katika MySQL, na kila mhasibu aliyepata kuuliza kwa ukali stakabadhi fulani imekwenda wapi amekutana na jambo hili pasipo kulijua jina lake. Hilo ni badiliko la data lisilotanguka. Basi yapo ya data yasiyotanguka, yapo ya muundo yanayotanguka, yapo yenye amana haba yanayotanguka kwa wepesi, na mstari ulionyooka ambao tuliwachorea wanafunzi ubaoni hauko popote.

Insafu inanilazimisha kuitaja hoja yao iliyo bora, ambayo aghalabu hawaileti wenyewe. Muundo ni kitu cha shirika: kila msomaji wa jedwali hutegemea kwamba safu zake ni hizi na aina zake ni hizi, na mtu mmoja anapoushika muundo bila ya kuthibitisha wala kutangua, huwashika wote. Katika PostgreSQL amri nyingi za kubadili jedwali huchukua kufuli lililo zito kuliko yote, ambalo huwazuia hata wanaotaka kusoma tu, na kufuli hilo haliachwi mpaka mwisho wa muamala. Kwa hiyo mtu akiongeza safu katika jedwali la wateja, akauacha muamala wazi, kisha akaenda kula chakula cha mchana, foleni itakayojipanga nyuma yake itafika hadi kwa wateja wenyewe. Tena zipo amri ambazo hata PostgreSQL huzikataa ndani ya muamala, kama kuunda hifadhidata nzima, au kuunda faharasa kwa njia isiyowazuia waandikao. Uhuru una gharama, na waliochagua muhuri wa haraka walikuwa na sababu ya kuiogopa gharama hiyo. Siwalaumu. Ninachokikataa ni kwamba chaguo lao, lenye faida na hasara zake, limepandishwa cheo likafanywa tabia ya muundo popote ulipo.

Tofauti ya kweli ipo, na ajabu ni kwamba kauli ile haiitaji kabisa. Nilieleza jinsi yule kijana alivyookolewa kwa kuliuliza jedwali kama lilivyokuwa dakika chache kabla. Lau katika dakika hizo angaliiondoa safu moja ya jedwali lile la wafanyakazi, au angalilihamisha mahali, au angaliongeza sharti la uhalali juu yake, amana ya mistari yake ya kabla ya hapo isingalimfaa tena: Oracle ingalimrudishia kosa nambari ORA-01466, kumwambia kwamba umbo la jedwali limebadilika, na nyuma ya tarehe ile hapasomeki. Data za zamani zimeandikwa kwa umbo la zamani, na anayezisoma kwa umbo jipya ni kama asomaye waraka wa hati ya Kiarabu kwa kuanzia kushoto. Hivyo badiliko la muundo, licha ya kuwa na amana yake lenyewe, laweza kuiharibu amana ya wengine. Na hili, ambalo lingemfaa msimamizi usiku wa balaa, halimo katika madaftari ya wanafunzi, ilhali lile lisilo kweli limo. Kuhusu kulivunja jedwali zima, Oracle tangu toleo la 10g hailiondoi papo hapo, hulipa jina jipya lianzialo na BIN$ na kuliweka katika jalala lake, na mwenyewe aweza kulirudisha kwa amri moja iwapo jalala halijamwagwa. Nalitaja kwa haraka tu, maana huko si kutangua muamala, ni kuokota.

Madhara ya kauli hii hayaishii darasani. Mafundi wetu wa leo huandika mabadiliko ya muundo katika mafaili yanayotekelezwa kwa zamu, na zana kama Django na Flyway huyaendesha. Juu ya PostgreSQL faili likishindwa katika hatua ya tano, zile nne za mwanzo hutanguka pamoja nayo, na juu ya MySQL au Oracle zile nne hubaki, na mtu sharti ainuke kitandani kuziondoa kwa mkono. Aliyefundishwa kwamba muundo hautanguki popote, akipewa PostgreSQL, huyakata mafaili yake vipande vidogo vidogo kwa hofu isiyo na sababu, na huitupa bure hifadhi aliyokwisha kuilipia. Na aliyezoea PostgreSQL, asiyewahi kuambiwa juu ya muhuri wa kimyakimya, akipewa Oracle huingia katika shimo lile lile alimoingia kijana wangu. Kauli moja imewakosesha wote wawili, kila mmoja kwa upande wake.

Nawasihi walimu wenzangu waifute ubaoni, na mahali pake waandike majina ya hifadhidata, na mbele ya kila jina waandike inafanya nini: hii hupiga muhuri kabla na baada, hii humngoja mwenye muamala, hii ilikuwa hivi mpaka mwaka 2018. Ni orodha isiyopendeza kuhifadhi, lakini ni sahihi. Nawe msomaji, ikiwa hunisadiki, fungua SQLite katika kompyuta yoyote, andika BEGIN, unda jedwali na ulipe jina lolote utakalo, tia mistari miwili, andika ROLLBACK, kisha uombe orodha ya majedwali. Hutaliona.